Spider-Man 2: Setingi Zina Utu Kuliko Hadithi

Binamu yangu ndiye aliyenifundisha kushika pedi. Enzi hizo tulikuwa tunalipia kwa dakika kwenye kibanda cha gemu mtaani, na yeye akishika, hakuna wa kumtoa. Miaka michache iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Akaacha gemu kimyakimya. Nikimkaribisha, jibu lake ni lile lile: "Cheza wewe, mimi natazama."

Ndiyo maana Marvel's Spider-Man 2, kazi ya Insomniac Games iliyotoka Oktoba 2023 kwa PlayStation 5, siwezi kuihakiki kwa kuuliza tu kama ni tamu. Ni tamu. Swali langu ni: tamu kwa nani?

Tulianza kwenye setingi. Unaweza kupunguza kasi ya mchezo hadi asilimia 70, 50 au 30, tena ukaiweka kwenye kitufe kimoja uiwashe pale tu mambo yanapochacha. Kuna msaada wa kukata kona unapobembea kwenye utando. Vile vipande vya kubonyeza kitufe harakaharaka, gemu inavimaliza yenyewe ukitaka. Mafumbo yanarukika. Kwa mwenye uoni hafifu, mashujaa na maadui wanaweza kupakwa rangi kali huku mandhari ya nyuma yakififishwa.

Wapo watakaosema huko ni kudekezwa. Sikubaliani nao. Spider-Man mwenyewe ana hisia inayomtahadharisha kabla hajapigwa, na gemu inampa kila mchezaji alama hiyo juu ya kichwa cha shujaa. Hakuna anayeiita udanganyifu. Msaada tuliouzoea tunauita mchezo, ila ule wa mwenzetu ndio tunauona upendeleo.

Kwa kasi ya asilimia 30, binamu alikwepa ngumi ya kwanza, akakwepa ya pili, akamnasa jamaa ukutani kwa utando. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na runinga. Akanifokea: "Sogea bwana, unaniziba!" Kusema kweli nilifurahi kufokewa.

Lakini sifa zina mpaka. Asiyeona kabisa bado ameachwa nje. The Last of Us Part II ilitoka 2020 ikiwa na setingi zaidi ya 60 za aina hii, zikiwemo sauti za kumwongoza asiyeona njia nzima. Spider-Man 2 haina mwongozo wa namna hiyo ndani ya New York yake. Hata kisoma skrini na maelezo ya sauti kwa matukio ya kutazama havikuwepo siku gemu ilipotoka, vilipangwa vije baadaye. Mgeni anayetafutiwa kiti wenzake wakiwa wameshaanza kula anajua alihesabiwa wa ngapi.

Tatizo kubwa zaidi kwangu liko kwenye hadithi yenyewe. Hebu tazama miili inayoumwa humu ndani. Harry Osborn ana ugonjwa wa kurithi, anaponywa na kiumbe kinachomvaa kama nguo, kisha kiumbe hicho kinamgeuza Venom. Kraven ana saratani, anazunguka akimtafuta adui wa kumuua kwa heshima. Dk. Connors, mwenye mkono mmoja, ni yule yule anayegeuka mjusi. Yaani ukiumwa au ukipungukiwa kiungo, mwandishi anakupa njia mbili: upone kwa miujiza au uwe zimwi. Setingi zinamwambia mchezaji, "Njoo na mwili wako ulivyo." Hadithi inamwambia mwili huo ni mkosi.

Anayeiokoa ni Hailey Cooper. Ni binti kiziwi, mchoraji wa kutani, anayeigizwa na Natasha Ofili, naye pia kiziwi. Kuna sehemu unacheza ukiwa Hailey. Sauti za jiji zinafifia, na maneno ya watu yanakuja kwa vijipicha. Hapigani na mtu, na hakuna anayetaka kumponya. Anatembea mtaani kwake, anamaliza shida yake, basi. Miles naye anaongea naye kwa lugha ya alama ya Marekani bila mbwembwe. Dakika hizo chache zina ukweli kuliko kilio chote cha Harry, na inauma kwamba ni chache.

Je, nakushauri uicheze? Ndiyo, hasa kama nyumbani kuna mtu aliyeacha kucheza. Ila usiisamehe hadithi kwa sababu setingi ni nzuri.

Binamu bado hajafika mwisho. Anakuja kila Jumapili, anasukuma vipande viwili vitatu, mkono ukichoka anapumzika. Anampenda sana Harry. Sijamwambia kinachomsubiri, maana nataka nisikie yeye mwenyewe atasema nini.