Jembe, Plau na Mirathi: Walichokipima Wataalamu Mpimbwe, na Walichokiacha



Kuna neno linalorudiwa sana magazetini na barazani, kwamba sayansi na mitambo ndiyo itakayowasawazisha wanadamu. Mwenye kusema hivyo hukuonyesha simu iliyo mkononi mwa mvuvi na simu iliyo mkononi mwa waziri, akakwambia: tazama, wote wawili wanayo. Na wapo wenye kusema kinyume chake, kwamba mashine ndiyo iliyotutenga aliyenacho na asiyenacho, na lau tungalibaki na jembe la mkono tungalikuwa ndugu hadi leo. Kauli zote mbili ni nyepesi ulimini, wala hakuna katika hizo iliyowekwa kwenye mizani. Kwa hiyo nataka tuitazame pamoja makala moja iliyojaribu kupima, ambayo baadhi ya vipimo vyake vilichukuliwa humu humu Tanzania, mahali ambapo wengi wetu wa pwani hatujapata kukanyaga.

Makala yenyewe ilitoka katika jarida la Kimarekani liitwalo Science, mwezi wa Oktoba 2009. Waandishi wake wamezidi 20. Wa mwanzo katika orodha ni Bibi Monique Borgerhoff Mulder, bingwa wa elimu ya maisha ya jamii, na anayemfuatia ni Samuel Bowles, mtaalamu wa uchumi. Walikusanya habari za jamii 21, nyengine za leo na nyengine za kale: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wadatoga na Wasangu wa Tanzania, Wakipsigis wa Kenya, Waarabu wafugaji wa Chad, wakulima wa Uingereza ya mashariki wa karne zilizopita, na kati yao wamo Wapimbwe.

Msomaji wa Tanga au Lamu ataniuliza, Wapimbwe ndio nani? Panda gari moshi la Reli ya Kati mpaka Tabora, kisha Kaliua, ushike tawi linaloteremka Mpanda. Kutoka hapo elekea kusini, upite Sitalike na mbuga za Katavi, ndipo utakapoikuta Mpimbwe: Kibaoni, alikozaliwa Mizengo Pinda aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, Usevya na Majimoto. Makala ilipoandikwa, nchi hiyo ilikuwa bado imo katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Wala si kweli kwamba pwani na Mpimbwe hazijuani. Mwaka 1879 tembo wanne kutoka Bara Hindi waliteremshwa Msasani kwa gharama ya mfalme wa Ubelgiji, wabebe mizigo mpaka Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ili wapagazi wasihitajiwe tena. Ilikuwa ndiyo mashine mpya ya zama zile. Tembo walikufa, na aliyewasimamia, Carter, aliuawa mwaka 1880 huko huko Mpimbwe. Wapagazi wakaendelea kubeba.

Turudi kwenye makala. Waandishi wake hawakuridhika kuuliza nani tajiri na nani maskini. Waliuliza: mtoto wa tajiri ana nafasi gani ya kuwa tajiri, na mtoto wa maskini ana nafasi gani ya kutoka alipo? Kisha wakaugawa utajiri mafungu matatu. La kwanza ni lile alilonalo mtu mwilini na kichwani mwake: nguvu, afya, ujuzi. La pili ni watu: jamaa na marafiki wanaomsaidia na kuja shambani kwake anapowaita. La tatu ni mali yenyewe, yaani ardhi, mifugo, nyumba na vyombo.

Hapo ndipo penye ladha ya kazi yao, kwani walilolipata linafahamika hata na mtu asiyejua hesabu. Mwenye jembe la mkono na msitu usiokwisha utajiri wake ni mabega yake. Akifa hawezi kumwachia mwanawe mabega. Mtoto huenda akazaliwa dhaifu, na mtoto wa jirani fukara akazaliwa pandikizi la mtu, basi gurudumu likageuka. Lakini mwenye ng'ombe mia akifa, ng'ombe wapo, na mtoto, awe hodari au mvivu, anaanza safari akiwa mbele. Ndiyo maana waliona kwamba kwa wawindaji na wakulima wa jembe la mkono tofauti za mali si kubwa na hazirithiwi sana, zinafanana na zile za nchi za viwanda zenye usawa zaidi. Na kwa wafugaji na wakulima wenye ardhi ya kumilikiwa, tofauti ni kubwa, zinalingana na za nchi za viwanda zenye dhuluma zaidi au kuzipita. Wapimbwe waliwekwa katika kundi la wakulima wa jembe la mkono.

Hii ni elimu yenye manufaa, na yawajibu wote wawili niliowataja mwanzo. Anayesema ukulima ndio ulioleta ukubwa na udogo amekosea, kwani wakulima wa jembe wanakaribiana na wawindaji. Anayesema chombo kipya kitatusawazisha naye amekosea, kwa sababu swali si chombo kinafanya nini, bali kinarithiwa vipi. Waandishi wenyewe wanahitimisha kuwa mambo mawili yanakwenda pamoja: ufundi ambao watu wanautumia kupata riziki, na sheria na mila walizojiwekea.

Sasa niseme pale ninapokhitilafiana nao.

Mpimbwe si nchi ya Wapimbwe peke yao. Zamani mbung'o walizuia ng'ombe kukaa kwa wingi, na watu wakaishi kwa mahindi, muhogo, asali, uvuvi na uwindaji. Lakini kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walishuka kutoka kaskazini na mifugo yao, wakaingia bonde la Rukwa kutafuta malisho na mashamba. Walikuja na maksai na plau. Msomaji wa mjini pengine hajapata kuiona plau ikifanya kazi: jembe la chuma, jozi ya maksai mbele, mtoto anawaongoza na mtu mzima nyuma ameshika mikono ya jembe. Eneo ambalo mke na mume kwa jembe la mkono hulihangaikia siku nyingi, plau hulimaliza upesi, na wakati ndio roho ya ukulima, kwani mvua haimngoji mtu. Mwenye plau hulima lake, kisha akakodishwa kulima la jirani kwa malipo.

Kwa hiyo katika kijiji kimoja wamekaa watu wa makundi mawili ambayo makala imeyaweka katika kurasa mbalimbali: mwenye jembe la mkono na mwenye ng'ombe. Ukiwapima Wapimbwe peke yao utasema hawa wanalingana. Ni kweli, wanalingana. Lakini mama wa Kipimbwe hajilinganishi na dada yake tu. Anajilinganisha na yule anayepita njiani na mkokoteni uliojaa mpunga, na ambaye yeye mwenyewe atakwenda kumfanyia kibarua njaa ikibisha. Usawa wa watu wasionacho ndani ya uzio wao si usawa wa kijiji. Tofauti iliyo kali zaidi Mpimbwe imo baina ya kundi na kundi, na makala, kwa kuwa imehesabu kila kundi mbali, haikuwa na safu ya kuiandika.

Pengine mtu ataniambia nawaonea, kwamba hilo halikuwa swali lao. Sawa, lakini habari zilikuwapo. Mwaka 2005 Craig Hadley alikwisha kuchapisha uchunguzi wake wa bonde hilo hilo la Rukwa, akiwalinganisha watoto wa Kipimbwe na wa Kisukuma, na aliona watoto wa Kisukuma wana afya iliyo bora. Hii si tofauti ya vitabuni. Ni uzito wa mtoto katika mizani ya kliniki. Na nisieleweke vibaya: sisemi Msukuma amemnyang'anya mtu. Alikuja na jasho lake na mifugo ya wazee wake, naye vilevile hubanwa, kwani upande mmoja kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ambako hawezi kuchunga. Nasema tu kwamba chombo kikiingia mahali ambapo mmoja ana mtaji wa kukivuta na mwengine hana, hakikai katikati yao kwa insafu.

Tena jambo la pili. Wanaposema ufundi na sheria zinakwenda pamoja, hilo neno la sheria limewekwa mkiani kama mgeni aliyechelewa karamuni. Mimi ningalilitanguliza. Itazame reli ile ile ya Mpanda niliyokupandisha sasa hivi. Waingereza waliijenga, kilomita 210 kutoka Kaliua, ikafika Mpanda mwaka 1950. Hawakuijenga kwa ajili ya mkulima wa huko. Waliijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira, ili utajiri wa chini ya ardhi ufike pwani na meli iuchukue. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kwa hesabu ya mwenye mgodi, reli ile ilikuwa imekufa naye. Lakini haikung'olewa. Ilibaki mikononi mwa umma, na magari ya abiria yakaendelea kwenda na kurudi, yamebeba mkulima na gunia lake, mgonjwa na mwanafunzi. Mataruma ni yale yale, injini ni ya namna ile ile. Kilichobadilika ni nani mwenyewe.

Upande wa pili, angalia umeme. Bwawa la Kidatu lilipoanza kufanya kazi mwaka 1975, nyaya zilikimbilia pwani, nasi tukapata feni na jokofu. Mpanda ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli, na dizeli hiyo lazima isafirishwe kutoka huku huku kwetu. Hapana tajiri aliyemwibia mtu wa Mpanda swichi yake. Palikaliwa kikao, ramani ikafunuliwa, waya ukachorwa kuelekea upande mmoja. Sisi tulikuwa upande huo.

Nafika sasa kwenye jambo linalotuhusu majumbani. Ikiwa waandishi hawa wana haki kwamba tofauti za watu hukua pale mali inapopita kwa wepesi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, basi msomaji Mwislamu atauliza mara moja: na mirathi yetu je? Sheria ya mirathi haikubali mali ipite nzima. Mke ana thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, binti ana fungu lake lisilofutika, mama na baba wana yao, na wasia hauzidi thuluthi. Kila kizazi mali inavunjwa na kugawanywa. Ningalipenda sana kuona hesabu za kina Borgerhoff Mulder zikifanywa juu ya mitaa ya Mji Mkongwe au Mombasa ya kale. Lakini ningaliogopa majibu. Kwani sote twazijua nyumba ambazo binti ameambiwa amsamehe kaka yake, akasamehe kwa haya. Twalijua shamba la minazi ambalo hati yake imeandikwa jina moja wangali hai wazee, ili siku ya kugawa kusiwe na cha kugawa.

Na kuna mali mpya ambayo fungu lake halisomwi msibani kabisa. Waandishi wameuhesabu ujuzi kuwa ni kitu cha mwilini kisichorithiwa sana. Kwa mpiga upinde wa Kihadzabe ni sawa. Kwa zama hizi si sawa. Ujuzi wa leo hununuliwa: ada ya skuli, masomo ya ziada, kompyuta mezani, chuo cha ng'ambo. Baba anayemlipia mwanawe mmoja hayo yote na kumwacha dada mtu na cherehani, amekwisha kugawa mali yake angali hai, na siku ya mirathi wanagombania makapi. Nuuman bin Bashir alisimulia kuwa baba yake alimpa yeye zawadi peke yake, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili amshuhudie. Mtume akamwuliza kama watoto wake wengine nao amewapa mfano wake; alipojibiwa la, akakataa kuwa shahidi. Najua mafakihi wametenganisha matumizi ya lazima na zawadi, na sitaki kuwaingilia kazi yao. Lakini waulizwe: kompyuta na ada ya chuo kikuu ziko upande upi?

La mwisho ni dogo lakini linanikera. Makala imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha hesabu, katika jarida la wataalamu. Watu wa Mpimbwe walihesabiwa majembe yao na kuku wao tangu katikati ya miaka ya 1990, wakajibu maswali kwa Kiswahili. Hakuna jambo humo ambalo mwalimu wa Usevya asingaliweza kulifahamu lau angaliandikiwa kwa lugha aliyoulizwa nayo, na angalikuwa wa kwanza kuuliza lile ambalo safu za makala hazina: katika kijiji hiki plau ni ngapi, ni za nani, zinakodishwa kwa kiasi gani msimu wa mvua, na mjane asiye na maksai hulimiwa wa ngapi.

Nakusihi uitafute makala hiyo ukiwa na kijana nyumbani anayesoma Kiingereza. Mpe akusomee, na dada yake akae hapo hapo asikilize.