Kinga ya mkono: namna ya kuupima upanga wa kale wa Maniema

Ukiletewa upanga wa kale Kasongo au Kabambare, miji ya Maniema mashariki mwa Kongo, usianze kwa kuitazama fedha ya kipini. Anzia pale kipini kinapokutana na ubapa. Fedha humvutia kila mtu. Maungio humtaja fundi.

Kwanza ujue ni upanga gani. Upanga wa feleji, ule mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, waliokuja nao Waarabu kutoka Unguja, kwa kawaida hauna kinga ya mkono, na hilo si kasoro: mkono wa pili ulishika ngao ndogo ya ngozi, nayo ndiyo iliyopokea pigo. Feleji yenye kinga ya shaba ing'aayo itilie shaka, maana huenda imepachikwa juzi ili kumfurahisha mnunuzi. Upanga wa imani ni mfupi, na kipini chake kina msalaba. Kwenye kitara, kilichopinda, ndipo utakuta kinga iliyokamilika: matawi yameinama kuelekea ubapa, na upinde umeshuka mbele ya vidole hadi karibu na kichwa cha kipini.

Kishike. Vidole vinne vienee ndani ya upinde bila kubanwa; kinga isiyoingiza mkono wa mtu mzima ni pambo tu. Kisha kitikise karibu na sikio. Kikigonga, kinga imelegea au haikuchongewa ubapa huo. Kiinue kwenye mwanga: kati ya kinga na mabega ya ubapa pasipenye hata unywele. Chunguza na kutu. Ubapa uliotoboka kwa kutu na kinga yenye mikwaruzo mipya ya tupa havikuzeeka pamoja. Lakini usikidharau kitara kilichorekebishwa zamani na mhunzi aliyetaka kitumike; riveti yake nzito, isiyojificha, naiheshimu kuliko lehemu laini ya dukani.

Usidai makovu ya vita. Kasongo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, ilitekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Vita vile viliamuliwa na bunduki. Upanga ulikuwa heshima ya mwungwana, na kinga isiyo na alama ya pigo yaweza kuwa ya kweli kabisa.

Ukishanunua, msasa usiuguse. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta mepesi, na ile kutu ya kwenye maungio iache ilipo.