Noti moja ya Francis Bebey

Ba ndugu, wale wanaosema bila studio kubwa hakuna muziki, wamusikilize kwanza Francis Bebey, Mkameruni wa Douala (1929–2001). Alichukua kafilimbi ka Wapigme wa Afrika ya Kati, ka noti moja tu: anapuliza, anaitika kwa sauti yake, anapuliza tena. Filimbi na koo vinapokezana bila kugongana, sawa mahindi na maharagi mu shamba moja, haya yanajaza nafasi iliyoachwa na yale. Hapo njo ninamupendea. Lakini mu nyimbo alizoongeza ngoma ya elektroniki, nabaki na mashaka. Mashini haipumui! Inafunika hata kale kanafasi ka kuvuta hewa, na mimi njo pale nilikuwa nasikia msitu.