Ufundi wa Kutafuta Njia Pasipo Mnara

Simu zetu zimeegemea mnara, nao ndio unaojua kila simu iko wapi. Mnara ukiondolewa, vifaa vinavyotembea vikabaki kupitishiana pakiti vyenyewe, swali la njia huwa gumu, kwani kifaa kilicho jirani sasa hivi huenda kisiwepo punde tu. Wazo linalokuja upesi ni kukipa kila kifaa ramani ya mtandao mzima na kuisahihisha bila kukoma. Charles Perkins na Elizabeth Royer walichagua njia nyingine katika itifaki ya AODV, waliyoichapisha mwaka 1999, nami naihesabu kuwa ufundi wa hali ya juu kwa sababu hushika habari chache mno, nazo zikatosha.

Kifaa kisicho na ujumbe hakitafuti njia. Kinapohitaji kufika mbali hutangaza ombi. Kila kifaa kinacholisikia mara ya kwanza hukumbuka kimelipata wapi, kisha hulisukuma mbele. Likifika, jibu hurudi kwa kufuata kumbukumbu hizo. Hakuna kifaa kinachobeba njia nzima: kila kimoja kinajua tu jirani kinachopaswa kumkabidhi pakiti, na njia isiyotumika hufutwa. Lakini uzuri wenyewe, kwangu, uko katika nambari ya mfuatano inayoambatana na kila habari ya njia. Yenye nambari kubwa ndiyo mpya, iliyochakaa hutupwa. Bila nambari hiyo, vifaa viwili vilivyopoteza njia vingeweza kuaminiana kwa habari za zamani, kila kimoja kikidhani mwenzake anaijua, na pakiti ikazunguka baina yao isifike kamwe.

Wapo wanaosema kutangaza ombi huku na huku ni kelele, tena pakiti ya kwanza hucheleweshwa. Ni kweli, na kwa mtandao uliotulia wenye mazungumzo mengi ningechagua itifaki ya OLSR ya Wafaransa, inayoandaa njia mapema. Wengine hutaja hesabu ya watafiti Gupta na Kumar ya mwaka 2000: vifaa vikiongezeka, fungu la kila kimoja la uwezo wa kupitisha data hupungua. Hesabu hiyo haina ubishi, ila inahusu masafa ya redio ambayo vifaa hugawana, na itifaki yoyote ya njia ingeikuta. Wala si haki kusema minara imeshinda, wazo likafa. Kiwango cha IEEE 802.11s cha vifaa vya Wi-Fi vinavyopitishiana pakiti, kilichoidhinishwa mwaka 2011, kimejenga utafutaji wake wa njia juu ya AODV, na Zigbee, inayounganisha taa na vihisi majumbani, imefuata mtindo huohuo.