Kovu Halijamaliza Kazi

Aliyeanguka na pikipiki kwenye lami, ngozi ya goti ikachunika, mara nyingi hana cha kushonwa. Kingo za jeraha zimeachana mno. Nesi atalisafisha, atalitoa mchanga, atalifunga. Yaliyobaki ni ya mwili wenyewe, na mwili huyafanya kwa utaratibu ambao sichoki kuutazama.

Mwanzo ni kuziba tu. Mishipa midogo hujibana, chembe sahani hunata palipopasuka, na nyuzi za fibrini huzishika mpaka damu igande. Saa chache baadaye chembe nyeupe huingia kuua vijidudu. Kisha, siku ya pili au ya tatu, huja seli kubwa ziitwazo makrofaji. Hizi hula mabaki ya seli zilizokufa, na papo hapo hutoa kemikali za kuziita seli zitakazojenga. Anayefagia kiwanja ndiye anayewaita mafundi, na ni sawa kabisa, maana ndiye anayejua kama kiwanja kiko tayari.

Baada ya hapo, fungua bendeji utazame. Chini ya kidonda imeota nyama nyekundu, laini, yenye vipunje vipunje. Kila kipunje kina kitanzi cha mshipa mpya wa damu, ndiyo maana ukiigusa kwa gozi inachuruzika. Mgonjwa huogopa, nesi hufurahi, kwa kuwa kidonda kinajaa kutoka chini. Pembeni nako seli za ngozi zinatambaa kuelekea katikati, na zinahitaji unyevu ili zipite. Ule ushauri wetu wa kukiacha kidonda kipigwe hewa kikauke unazichelewesha, kwani inabidi zipenye chini ya kigaga. Mwaka 1962 George Winter alilionyesha hilo kwenye ngozi ya nguruwe: majeraha aliyoyafunika kwa plastiki yalifunikwa na ngozi mpya haraka karibu mara mbili kuliko yaliyoachwa wazi.

Kidonda kikifunga, watu huhesabu kwamba kimepona. Kumbe kolajeni iliyowekwa mwanzoni ni ya haraka haraka, na kwenye wiki ya tatu kovu lina takriban humusi tu ya nguvu ya ngozi nzima. Kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, nyuzi hizo huvunjwa, huwekwa nyingine nene zaidi, na hupangwa kufuata upande ngozi inakovutwa. Hatimaye nguvu hufika kama asilimia 80, haizidi hapo. Vinyweleo na tezi za jasho havirudi. Kwa wengine, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, ujenzi haujui kukoma, na sikio lililotogwa likaota uvimbe mkubwa kuliko hereni.

Ila kilichonifanya nilitazame kovu kwa heshima ni habari za msafara wa meli za Uingereza chini ya George Anson, miaka ya 1740. Mabaharia walishikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mmoja wao alikuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, mwaka 1690. Majeraha yake, yaliyopona miaka hamsini nyuma, yalifumuka upya kana kwamba hayajawahi kufunga. Sababu imejulikana siku hizi: kolajeni ya kovu, hata la zamani, huendelea kuvunjwa na kujengwa. Kujenga kunahitaji vitamini C. Kuvunja hakuihitaji.