"Pembetatu Pacha" na Utata wa Kitako

Miongoni mwa istilahi za Hisabati zilizozoeleka katika shule za msingi za Tanzania ni "pembetatu pacha", yaani pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa. Hatuna nia ya kuibeza. Ni fupi, yatamkika kwa wepesi, na imetokana na neno ambalo kila mtoto analijua. Wagiriki waliliita umbo hili "lenye miguu sawa", na Waarabu "lenye miundi miwili sawa"; majina hayo yataja hasa kilicho sawa, ilhali jina letu halisemi. Hata hivyo, kasoro hiyo mwalimu huiondoa kwa sentensi moja. Kasoro kubwa imo katika istilahi inayofuatana nayo: "pembe za kitako".

Katika lugha yetu kitako ni sehemu ambayo kitu hukalia. Katika kanuni ya eneo, yaani nusu ya kitako mara kimo, upande wowote waweza kuwa kitako. Lakini katika pembetatu pacha kitako ni upande mmoja tu, ule usiolingana na wenzake, hata umbo likisimamishwa juu ya ncha. Neno moja limebebeshwa maana mbili. Mwanafunzi akikuta umbo limelazwa juu ya mmoja wa pande zilizo sawa, atazitafuta pembe za kitako pale chini, naye atakosa kwa sababu ameliamini neno.

Tuchukue mfano. Pembetatu pacha ina pembe ya nyuzi 40. Tafuta pembe mbili zilizobaki. Jumla ya pembe zote ni nyuzi 180. Ikiwa 40 ni pembe iliyo kati ya pande zilizo sawa, zilizobaki ni 70 na 70. Ikiwa ni mojawapo ya pembe zinazolingana, zilizobaki ni 40 na 100. Majibu yote mawili ni sahihi, hivyo mtungaji hana budi kueleza akusudia pembe ipi. Mfasiri aandikapo "pembe ya kitako ni nyuzi 40" hudhani ameuondoa utata, kumbe amemwachia mtoto aamue kwa kutazama mchoro.

Twapendekeza kitako kibaki katika kanuni ya eneo, na hapa neno "pacha" litumike hadi mwisho. Pande zilizo sawa ziitwe "pande pacha". Pembe zinazoelekeana nazo, "pembe pacha". Na ile ya tatu, "pembe baina ya pande pacha". Hapo kanuni aliyoithibitisha Euclid katika kitabu chake cha kwanza itasomeka yenyewe: pande pacha huelekeana na pembe pacha. Maneno hayo hayabadiliki umbo ligeuzwapo.

Twawaomba walimu na wafasiri wayapime darasani. Mtoto ajuaye kujumlisha na kutoa asinyimwe alama kwa kosa la istilahi.