Kupewa Ardhi na Kuitwaa: Namna Mbili za Kuhamia Tabora

Kaze, mahali panapoitwa sasa Tabora, ambako misafara ya pwani ilituama katika miaka ya 1850, haikuwa mji kwa maana tunayoijua. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Novemba 1857 alikuta tembe zilizotawanyika, kila moja na ua wake, ghala, bustani na vibanda vya watumwa, ambao jasho lao ndilo lililoyaendesha makazi yale. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe, kwa hesabu yake, hawakuzidi 25 hivi, na msimu wa safari walipungua zaidi.

Watu wachache namna hiyo wasingeweza kukaa Unyanyembe, utemi wa eneo hilo, kwa mabavu. Walikaa kwa ridhaa ya ntemi, yaani mtawala wa Unyanyembe, Fundikira, na udugu ulitafutwa hata kwa ndoa: Muhammad bin Juma, babaye Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa ntemi huyo. Nalisisitiza hili kwa sababu bado tunasimuliwa habari za Tabora kana kwamba wageni waliijenga porini. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, na bila wapagazi wa Kinyamwezi hata pembe moja ya ndovu isingefika Bagamoyo.

Mambo yaliharibika Fundikira alipofariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara, nao wakashika bunduki, wakamng'oa na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana hadi alipouawa mwaka 1865. Hata hivyo, washindi hawakuufuta utemi. Waliuhitaji, hasa Mirambo wa Urambo alipowafungia njia ya Ujiji mwaka 1871.

Wajerumani walikuja kwa hesabu nyingine kabisa. Emin Pasha, aliyewatumikia, alifika mwaka 1890 na kupatana na Waarabu wa Tabora, ilhali Isike, ntemi wa Unyanyembe wakati huo, alikuwa ndani ya ngome yake, hajashindwa. Mashambulizi kadhaa ya Wajerumani yaligonga mwamba. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliingia, na Isike akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa.

Baada ya hapo hakuna mgeni aliyehitaji kuomba kiwanja kwa ntemi. Amri ilitoka bomani, na kodi, ambayo Mnywa Sere aliwatoza wageni, sasa wageni waliwatoza wenyeji. Reli ilipofika mwaka 1912, mzigo uliokuwa ukipita mabegani mwa Wanyamwezi ulipanda behewa, na Kwihara, jirani na Tabora, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, ikabaki pembeni mwa njia mpya ya biashara.